UZI: Hasira za Lum wa Urusei Yatsura. Tumsome upya huyu binti wa mazimwi

#1 Wino Mweusi

Wakuu, salaam.

Kila wasichana wakali wa manga (katuni za Kijapani za kusomwa) wanapotajwa humu jukwaani, Lum anatupwa kapu moja na wale wanaopenda halafu wanajifanya hawapendi, wale wa kununa na kugeuza uso. Naona anaonewa. Hasira za Lum ni za namna nyingine kabisa, na bila hizo hadithi ile isingefika mbali. Naweka hoja yangu hapa. Anayepinga apinge kwa matukio ya kwenye manga, tusibishane kwa picha za mitandaoni.

Kwa ambaye hajaisoma: Urusei Yatsura ni manga ya vichekesho vya mapenzi ya Rumiko Takahashi, iliyotoka kwenye jarida la Weekly Shonen Sunday kuanzia 1978 hadi 1987 na kujaza juzuu 34. Mazimwi wa sayari nyingine wanafika duniani kuja kuitwaa. Kabla ya kuitwaa wanatoa nafasi moja, mchezo wa kukimbizana, ule ambao watoto wa Kijapani huuita mchezo wa zimwi. Kompyuta inachagua mtu wa kuiwakilisha dunia, na bahati mbaya inamwangukia Ataru Moroboshi, mwanafunzi wa sekondari wa mji wa Tomobiki, mkware asiyemwacha msichana apite, mwenye mkosi tangu siku aliyozaliwa. Anapewa siku kumi azishike pembe za mpinzani wake. Mpinzani ni Lum, binti wa mkuu wa wavamizi. Anaruka angani, anatoa umeme mwilini, kavaa bikini yenye milia ya chui milia na buti ndefu.

Siku zinayoyoma, Ataru hajafua dafu. Shinobu, msichana wake, anamwahidi kwamba akishinda watafunga ndoa. Siku ya mwisho Ataru anampokonya Lum kipande cha juu cha bikini, Lum anamjia kukidai, na Ataru anazidaka pembe. Anapiga kelele kwa furaha kwamba sasa ataoa. Lum anadhani kaposwa yeye. Anakubali.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Huyu ni msichana aliyeshindwa hadharani, tena kwa hila, huku dunia nzima ikitazama. Angekuwa na haki ya kuondoka na kinyongo. Badala yake anasikia posa, anaipokea kwa moyo mmoja, na tangu hapo anajihesabu mke. Anahamia kwa kina Moroboshi, analala kwenye kabati la matandiko chumbani kwa Ataru, baadaye anajiandikisha shule moja naye. Kwa upande wake neno lilishasemwa na likapokelewa. Hasira zake zote zinaanzia hapo: kuna neno lilitolewa, na mume analivunja kila siku mbele ya macho yake.

Sasa mtazame anavyokasirika. Kwanza anauliza. Halafu anaonya. Anasema wazi kinachomuuma, kwamba darling wake (ndivyo anavyomwita Ataru) anamtongoza yule na yeye hataki. Ataru akiendelea, ndipo shoti inashuka. Baada ya shoti, kwisha. Jioni yupo mezani naye kana kwamba hakukutokea jambo. Hana daftari la madeni.

Na sasa watazame wanaomzunguka. Shinobu anajionyesha msichana mpole, kumbe akichokozwa anainua dawati zima na kulirusha. Mendo, tajiri wa darasa, anajiita shujaa, lakini ukimfungia mahali penye giza na pafinyu analia kama mtoto. Ran, rafiki wa utotoni wa Lum, anaongea kwa sauti ya sukari mbele ya watu, wakibaki wawili anamfokea Lum na kumkumbusha alichomfanyia wakiwa watoto. Mji mzima umevaa barakoa. Lum peke yake ndiye ambaye uso wake na moyo wake ni kitu kimoja, na kwa sababu hiyo wasomaji tunamwona mkali kuliko wote. Ukali wake unaonekana tu kwa kuwa haufichwi.

Karibuni.

#2 Mkwaju

Mleta mada, uzi mzuri, nimeusoma wote. Nina jambo moja tu. Mashabiki wengi humwita Lum binti mfalme, na nashukuru wewe umesema "binti wa mkuu wa wavamizi", kwa sababu ndiyo hali halisi. Baba yake ni kiongozi, cheo chake hasa hakipewi uzito. Binti mfalme mwenye cheo na masharti yake katika manga ile ni Kurama, wa ukoo wa tengu-kunguru (viumbe wa simulizi za Kijapani wenye umbo la kunguru) wa angani.

Nadhani Kurama anaisaidia hoja yako kuliko unavyofikiri. Yeye alilazwa usingizi akisubiri mwanamume wa kumwamsha kwa busu, na sheria ya kwao inasema lazima awe mwenzi wake. Aliyekuja kumbusu akawa Ataru. Alipofungua macho na kumwona ni mtu gani, alipandwa na ghadhabu ambayo haijawahi kutulia. Anarudi mara kwa mara kutafuta upenyo: kumrekebisha Ataru awe mwanamume wa maana, au kupata njia ya kuikwepa sheria.

Wote wawili ni wasichana wa angani, wote wamefungwa kwa Ataru na tukio la kijinga, wote ni wepesi wa hasira. Lakini Kurama anakasirika kwa sababu hamtaki na amelazimishwa. Lum anakasirika kwa sababu anamtaka na hakuna aliyemlazimisha. Takahashi ameweka hali moja mikononi mwa watu wawili ili tuone tofauti ya mioyo yao.

#3 Binti Pangani

Samahanini, naingia na mtazamo tofauti, na naomba usichukuliwe kuwa chuki.

Mimi nampenda Lum. Lakini hii ya kumpiga mwenzako shoti ya umeme kila akimtazama mwingine sitaisifia. Tungegeuza, mwanamume ndiye anayempiga mkewe shoti kwa wivu, kuna mtu humu angeandika uzi wa kusema kwamba "uso wake na moyo wake ni kitu kimoja"? Wivu unaotoka kwa kipigo ni kipigo. Kuna wasichana wanasoma humu na wanajifunza kwamba kumpenda mtu sana kunakupa ruhusa.

Pili, Wino Mweusi, unasema neno lilitolewa na likapokelewa. Neno halikutolewa kwake. Lilikuwa la Shinobu. Lum alisikia vibaya, akaambiwa alisikia vibaya, akaamua kubaki na alichosikia. Huo nao tuuite uaminifu?

#4 Wino Mweusi

Dada Binti Pangani, hoja zako zote mbili zina uzito, hasa ya pili. Nazijibu moja moja.

Kuhusu shoti. Takahashi anachora vichekesho vya watu kuanguka na kuinuka. Kwenye kurasa zile Ataru anagongwa kwa dawati, anarushwa dirishani, anashushiwa upanga na Mendo na kuukamata kwa viganja viwili, na ukurasa unaofuata yuko mzima akimfuata muuguzi wa shule, Sakura, amuombe namba ya simu. Hakuna kidonda kinachovuka ukurasa. Manga yenyewe imeweka sheria hiyo mapema na inaitunza hadi mwisho. Ataru haogopi umeme wa Lum. Mara nyingi anauona unakuja na bado anaendelea. Kinachomwogopesha ni kitu kingine, nitakifikia.

Lakini nakubaliana nawe kuhusu dunia yetu: shoti ibaki kwenye karatasi. Ninachotetea ni kitu kilicho chini ya shoti, yaani msichana anayesema "hili linaniuma" bila kuzunguka.

Kuhusu neno lililokuwa la Shinobu, ndiyo, lilikuwa lake. Na Takahashi halisahau. Kinachonivutia ni kwamba manga inachukua miaka tisa kuuliza swali hilo hilo: je, neno lililosikika kimakosa linaweza kuja kuwa la kweli? Ukitazama hivyo, Lum hatetei alichosikia siku ile. Anasubiri kisemwe upya, safari hii kwake.

#5 Kitasa

Nimekuja kuuliza tu. Nianze na anime (katuni ya kutazama) ipi, ya zamani au mpya? Na manga inapatikana kwa Kiingereza?

#6 Mzee wa Juzuu

Kitasa kijana wangu, anza na mpya kama hujazoea michoro ya zamani. Ilitengenezwa na david production, msimu wa kwanza Oktoba 2022, wa pili 2024, jumla sehemu 46, na ilitoka kuadhimisha miaka 100 ya Shogakukan, wachapishaji wa manga hii. Imechagua visa muhimu na inafika mwisho kabisa wa manga. Ile ya zamani ilianza Fuji TV Oktoba 1981 ikaenda hadi Machi 1986, ni ndefu sana, na ina utundu wake. Mamoru Oshii ndiye aliyeiongoza miaka ya mwanzo. Jambo moja zuri: Fumi Hirano, sauti ya Lum wa 1981, amerudi kwenye ile mpya akiwa mama yake Lum. Toshio Furukawa aliyekuwa Ataru amerudi akiwa baba yake Ataru. Ukiijua ya zamani, moyo unaruka ukiwasikia.

Manga kwa Kiingereza ilitolewa upya na kampuni ya VIZ kuanzia 2019, vitabu 17, kila kimoja kimebeba juzuu mbili.

Sasa nirudi kwenye mada, maana naona mmemjadili Lum kana kwamba alipangwa hivi tangu mwanzo. Hakupangwa. Takahashi alikuwa bado mwanafunzi wa chuo alipoanza, na Lum alikuwa mhusika wa kisa cha kwanza tu. Kisa cha pili hayumo. Msichana mkuu alikusudiwa awe Shinobu. Lum akarudishwa kwenye kisa cha tatu, na hakutoka tena.

Hebu fikirini maana yake. Mwandishi alikuwa na hadithi ya kijana mwenye mkosi na msichana wa jirani. Kila juma akihitaji balaa jipya. Akagundua kwamba msichana mwenye hasira, anayeruka, mwenye baba wa angani na marafiki wa angani, anaweza kuleta balaa mwenyewe bila mwandishi kuhangaika. Lum akikasirika, anampigia simu mtu wa kwao. Akifurahi, analeta kifaa kutoka kwenye chombo chake cha angani na kifaa kinaharibika. Hasira zake ni injini ya visa. Hiyo ni sababu ya kiufundi, na naona ndiyo ya kwanza kabla ya zile za moyo.

Hata jina lake lilitoka kwenye mambo ya siku zile. Agnes Lum alikuwa mwanamitindo wa Hawaii aliyevuma Japani miaka ya 1970 kwa picha za bikini.

#7 Mwana wa Tongoni

Nimefurahi kuona uzi huu. Naomba niongeze upande wa simulizi.

Sisi tuliokulia pwani tunamjua jini mahaba. Anamchagua binadamu, anajihesabu mke au mume wake, halafu anawaonea wivu watu wote wanaomkaribia. Nilipomsoma Lum mara ya kwanza nilimwelewa palepale, sikuhitaji kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba simulizi zetu zinamtazama jini huyo kwa hofu, kwa macho ya binadamu aliyekamatwa. Takahashi amempa jini nafasi ya kusema na kulia. Tunamjua anavyojisikia.

Na Wajapani nao wana mizizi yao. Katika simulizi yao kongwe ya mkata mianzi kuna Kaguya, binti wa Mwezini anayelelewa duniani, anayewakataa wachumba wote kwa kuwapa kazi zisizowezekana, kisha anarudi kwao akivishwa vazi linalomsahaulisha yote. Msichana wa angani katika mapokeo yao ni wa kuondoka. Lum ni kinyume chake: amekuja na hataki kuondoka, na anagombana na kila mtu kwa sababu hiyo.

Halafu mazimwi. Kila mwanzoni mwa Februari, siku ya Setsubun, Wajapani hurusha maharage ya soya wakilifukuza zimwi nje na kuikaribisha baraka ndani. Takahashi amelitumia hilo vizuri mno. Benten, rafiki mkubwa wa Lum, ni wa upande wa miungu ya baraka, msichana wa minyororo na chombo cha kuendesha kwa kasi, mkali naye. Setsubun ikifika, upande wa Benten na upande wa mazimwi wanapigana vita ya maharage, kisha wanaendelea na urafiki. Lum ni yule anayefukuzwa mlangoni kila mwaka. Hapa yupo ndani ya nyumba, mama mkwe analalamika gharama za kuishi, na hakuna wa kumtoa.

#8 Mkwaju

Mwana wa Tongoni umenigusa. Huo ukinyume wa Kaguya ushike, utatufaa tukifika mwisho wa manga.

Niongeze kuhusu Oyuki, kwa kuwa tunaongelea hasira. Oyuki ndiye mtawala wa Neptune, dunia ya theluji. Hapazi sauti. Hafoki. Anatabasamu kidogo na kuongea taratibu, na Lum, Benten na Ran wote watatu wanamwogopa. Ran mwenye kinywa kile ananyamaza. Mashabiki wakisema "mkali" wanamfikiria Lum kwa sababu ya kelele na cheche, lakini ndani ya manga yenyewe wasichana wa angani wanajua nani wa kuogopwa. Mtu akikukasirikia kwa sauti unajua amesimama wapi. Oyuki hujui.

#9 Binti Pangani

Nimerudi. Nimesoma majibu yenu nikaenda kusoma tena kile kisa ambacho Lum anatoweka, akamwachia Ataru mwanasesere anayefanana naye. Wengi mnakijua. Ataru mwanzoni anafurahi, sasa yuko huru kutongoza. Siku zinapita, hamu ya kutongoza inamtoka. Anamtafuta mjini. Mwisho amekaa na yule mwanasesere, anamsemesha, analia, anamuomba arudi. Kumbe Lum alikwenda kwao kuhuisha pasipoti yake tu, na ndani ya mwanasesere kulikuwa na kinasa sauti. Amesikia yote. Anarudi na furaha isiyo na mfano, na Ataru, akijua amesikika, anakasirika na kukimbia.

Bado sikubali shoti. Lakini nimeona jambo ambalo sikuliona nilipokuwa mdogo. Kisa kile hakina hasira ya Lum hata kidogo. Hayupo. Na nyumba imekuwa kimya namna ambayo Ataru hawezi kuivumilia. Anayekasirika ni yeye, pale anapogunduliwa.

Kwa hiyo nawauliza: yule wa "kupenda na kujifanya hapendi", ambaye Wino Mweusi anasema Lum si wa kundi lake, si ni Ataru?

#10 Wino Mweusi

Dada, umeifikisha hoja pale nilipotaka kuifikisha, na umeifikisha vizuri kuliko mimi. Ndiyo. Ni Ataru. Watu wametumia miaka mingi kumweka Lum kundi la wasichana wa kununa na kukana, wakati anayekana katika manga ile ni mvulana. Nilisema kuna kitu Ataru anaogopa kuliko umeme. Ni hiki: kusikika akisema anampenda.

Na sasa niombe ruhusa ya kuongelea mwisho. KITASA NA WENGINE AMBAO HAMJAFIKA, RUKENI HADI #12.

Kisa cha mwisho. Anatokea Lupa, kijana wa ulimwengu wa giza, anayedai Lum ni mchumba wake kwa ahadi ya mababu. Nyuma yake anamkimbiza Karula, rafiki yake wa utotoni, na silaha kubwa begani, anayempenda na kumrushia mabomu. (Mtazameni Karula kwa makini. Ni Lum wa ulimwengu mwingine.) Uyoga mkubwa unaifunika dunia. Ataru anaamini Lum kamwacha, Lum anaamini Ataru hajali, na mazimwi wanaamua mchezo ule wa mwanzo urudiwe: siku kumi, ashike pembe. Akishindwa, mazimwi wanaondoka na kumbukumbu zote za Lum zinafutwa vichwani mwa watu wa Tomobiki.

Lum anampa Ataru njia rahisi. Aseme tu kwamba anampenda, mchezo uishe. Neno moja. Ataru anakataa, siku zote kumi. Mji mzima unamlaumu. Yeye anasema maneno yanayosemwa kwa kulazimishwa na hali hayawezi kuthibitisha chochote.

Hasira ya Lum katika kurasa hizi ni tofauti na ile ya visa mia tatu vya nyuma. Haina cheche za kuchekesha. Ni ya mtu aliyesubiri neno miaka yote na sasa yuko tayari kupoteza kila kitu, yeye mwenyewe afutwe, kuliko kuendelea kutokusikia. Anaruka juu, anakimbia kweli. Anaumia na bado anakimbia.

Siku ya kumi, Ataru anaanguka, na kutoka mkononi mwake inadondoka pembe ya Lum aliyokuwa ameitunza kwa siri. Lum anaiona. Anaelewa kwamba mtu huyu asingesahau. Pembe zinashikwa. Na neno halisemwi. Lum anamwambia atahakikisha analisema, hata ikimchukua maisha yote. Ataru anajibu atalisema akiwa kitandani pa kufa.

Wapo wanaosema mwisho huu ni wa kukwepa. Mimi naona ni mwisho wenye haki kwa wote wawili. Ataru kajifunga kwa maisha yote bila kutamka alichokuwa akikiogopa. Na Lum kapata alichokuwa akikidai tangu siku ya kwanza, uhakika. Mwana wa Tongoni ametaja vazi la Kaguya linalosahaulisha. Hapa mashine ya kusahaulisha iko tayari, imewashwa, na inashindwa.

#11 Mzee wa Juzuu

Umeeleza vyema, ingawa mimi ningeweka mkazo zaidi kwa Karula. Takahashi angeweza kumleta mpinzani mrembo, mpole, ili tumwone Lum mkali. Amemleta msichana mwenye hasira kumzidi Lum, na amempa Lupa ambaye mwishowe anamchagua huyo huyo mwenye mabomu. Mwandishi anawatetea wasichana wake wakali hadi ukurasa wa mwisho.

Na ni desturi yake. Kyoko wa Maison Ikkoku, manga aliyokuwa akiichora miaka hiyo hiyo ya 1980 hadi 1987, ni mjane mpole wa kupangisha vyumba, na wivu wake ni mkali kuliko wa Lum, tena wa kununa kimyakimya siku nzima. Akane wa Ranma ½, manga yake nyingine, anapiga ngumi. Ila kati yao wote Lum ndiye anayesamehe haraka zaidi. Akane ana kiburi, Kyoko ana majonzi, vyote vinachelewesha. Lum hana cha kumchelewesha.

#12 Kitasa

Nimeruka kama nilivyoambiwa. Nimeangalia sehemu za mwanzo za ile mpya. Swali: kuna mtu ameona To Love-Ru, manga nyingine ya mapenzi? Yule Lala naye ni binti mfalme wa sayari nyingine, naye posa ilitokea kimakosa, kijana alimgusa bila kukusudia. Ni wazo lile lile?

#13 Mkwaju

Kitasa, mfanano upo na unaonekana. To Love-Ru ya Saki Hasemi na Kentaro Yabuki ilianza 2006 kwenye Weekly Shonen Jump. Lala ni binti mfalme hasa, wa sayari ya Deviluke, ana mkia, anaunda mashine zinazoharibika, na anampenda Rito, kijana yule aliyemgusa, wazi kabisa bila haya. Lakini angalia walichokiondoa: hasira. Lala haoni wivu. Yuko radhi wasichana wengine nao wampende Rito. Ukali wamempa mdogo wake, Nana. Na Rito si mkware, ni mwenye haya anayejikwaa.

Ukiondoa wivu wa msichana na ukware wa mvulana, kinachobaki ni ajali mfululizo. Inachekesha, sikatai. Lakini hakuna anayemdai mwenzake kitu. Kati ya Lum na Ataru kuna deni linalodaiwa kila wiki, na ndiyo maana kisa cha mwanasesere kinaweza kukuliza.

#14 Mwana wa Tongoni

Na filamu? Hakuna aliyetaja Beautiful Dreamer ya 1984, ya Oshii. Siku ya kuamkia tamasha la shule inajirudia bila kwisha, mji umekatika na dunia, na tunakuja kujua kwamba wote wamo ndani ya ndoto ya Lum, iliyotengenezwa na Mujaki, pepo wa ndoto. Ndoto yenyewe ni ndogo sana: aishi na darling, na wazazi wa darling, na Ten, binamu yake mdogo, na Mendo, na wenzake, siku zote.

Wino Mweusi, hii inaisaidia au inaivunja hoja yako? Maana mle Lum hakasiriki karibu kabisa.

#15 Wino Mweusi

Mkuu, inaisaidia, ila kwa njia ya pembeni. Ndoto yake imejaa watu. Msichana ambaye angeweza kuota dunia ya wawili tu, yeye na darling, amewaotea nafasi wazazi, Ten na Mendo. Hakutaka wabaki wawili peke yao. Na anapopata dunia ile, hasira zinaisha, na pamoja nazo maisha yanasimama: hakuna kesho, hakuna tamasha. Anayetaka kutoka ni Ataru, ambaye anamtaka Lum wa kweli, si wa ndoto. Filamu ni kazi ya Oshii zaidi kuliko ya Takahashi, naipenda hivyo hivyo, lakini nikitaka kumjua Lum narudi kwenye manga.

#16 Binti Pangani

Mmemtaja Shinobu mara nyingi bila kumtendea haki. Ndiye aliyeahidiwa, ndiye aliyepokonywa nafasi ya mhusika mkuu na mwandishi mwenyewe kwa mujibu wa Mzee wa Juzuu, na hasira zake za madawati hakuna anayeziandikia uzi. Miaka inapita, anamgeukia Mendo, Mendo anamtazama Lum. Hadi anapotokea Inaba, kijana wa vazi la sungura kutoka ofisi inayotengeneza milango ya majaliwa, ndipo anapata mtu anayemtazama yeye kwanza. Hapo manga iko karibu kuisha.

Wino Mweusi, nakuachia Lum. Mimi naandaa wa Shinobu, nikimaliza kusoma upya juzuu za Inaba.

#17 Mzee wa Juzuu

Uandike, binti yangu. Na kisa cha milango usikipite haraka: kuna milango yenye kesho za kila namna, na angalia Shinobu anavyoitazama.